Kahawa yenye chapa mpya: nani akaange, nani atume?

Wazo la kuuza kahawa ya Kilimanjaro, Kagera, Nyeri au Mlima Elgon kwa chapa ya wenyeji limewavutia Waafrika Mashariki wengi, walio nyumbani na walio ughaibuni. Nembo huweza kuchorwa kwa siku chache, na duka la mtandaoni huweza kufunguliwa kwa jioni moja.

Swali gumu huja baadaye. Ni nani atakayenunua kahawa ghafi, nani ataikaanga, nani ataihifadhi, na nani ataifikisha mlangoni kwa mnywaji?

Jibu la swali hilo huamua iwapo akiba ya mwenye chapa itarudi au itazeeka ghalani. Aidha huamua ni sehemu gani ya fedha anayolipa mnywaji wa London, Muscat au Minneapolis itabaki katika nchi iliyoilima kahawa hiyo.

Zipo njia kuu nne. Kila moja ina faida zake, na kila moja humtwika mtu fulani mzigo wa hasara. Busara ni kujua mzigo huo unamwangukia nani kabla ya mkataba kutiwa saini.

Hesabu ya gunia na kontena

Kahawa ya Afrika Mashariki kwa kawaida husafirishwa katika magunia ya kilo 60. Kontena la futi 20 hubeba magunia yapatayo 320, yaani zaidi ya tani 19.

Kahawa hupungua uzito inapokaangwa, hasa kwa sababu maji yaliyomo hutoka. Shirika la Kimataifa la Kahawa, ICO, lenye makao yake London, hutumia kipimo cha kilo 1.19 za kahawa ghafi kwa kila kilo moja iliyokaangwa. Kwa hesabu hiyo, gunia moja hutoa takriban kilo 50, ambazo ni pakiti 200 za gramu 250.

Kontena zima basi ni pakiti zipatazo 64,000. Chapa changa inayouza pakiti 100 kwa mwezi ingehitaji zaidi ya miaka 50 kuzimaliza. Kahawa ghafi yenyewe, hata ikihifadhiwa mahali pakavu, huanza kufifia ladha baada ya takriban mwaka mmoja.

Chapa hiyo hiyo ikinunua gunia moja kutoka kwa mwagizaji aliyekwisha kuleta kontena, italimaliza kwa miezi miwili. Bei ya kilo itakuwa kubwa zaidi, lakini fedha itazunguka haraka na kahawa haitachakaa.

Upungufu wa uzito pia hubadili bei kimyakimya. Ikichukuliwa kwa mfano kwamba kilo ya kahawa ghafi imenunuliwa kwa pauni 8 za Uingereza, gharama ya kilo moja iliyokaangwa ni karibu pauni 9 na senti 60. Pakiti ya gramu 250 imekwisha kugharimu pauni 2 na senti 40 kabla ya kulipia moto, mfuko, lebo na posta. Wapo wafanyabiashara wanaoisahau hesabu hii, nao hugundua miezi kadhaa baadaye kwamba kila pakiti iliyouzwa iliwatia hasara.

Njia ya kwanza: kuuza bila kushika mzigo

Katika njia hii mwenye chapa hamiliki kahawa yoyote. Anamteua mkaangaji aliye karibu na wateja, anachagua aina miongoni mwa kahawa ambazo mkaangaji huyo anazo tayari, na kumpa lebo zake. Mteja anapoagiza mtandaoni, oda humfikia mkaangaji, naye hukaanga, hufunga na kutuma pakiti yenye jina la mwenye chapa.

Faida yake iko wazi. Mtaji unaohitajika ni mdogo, hakuna ghala la kukodi, na kahawa humfikia mnywaji ikiwa mbichi ya moto, siku chache baada ya kukaangwa. Biashara isipofaulu, kilichopotea ni gharama ya lebo na matangazo.

Udhaifu wake ni faida finyu kwa kila pakiti, na kutokuwa na mamlaka juu ya kilichomo ndani. Kahawa ile ile huweza kuwa inauzwa kwa majina matano tofauti. Mkaangaji akibadilisha mchanganyiko wake, au mavuno ya Tanzania yakimwishia akaweka ya nchi nyingine, mwenye chapa huenda akapata habari kutoka kwa mteja anayelalamika.

Kwa chapa inayojivunia mlima au kijiji fulani, hilo si jambo dogo. Njia hii humfaa anayetaka kupima kama kuna wanunuzi kabla ya kuweka akiba yake rehani.

Njia ya pili: kukaangiwa kwa mkataba

Hapa mwenye chapa ananunua kahawa ghafi mwenyewe, au anaichagua kwa jina la chama cha ushirika na msimu, kisha anamlipa mkaangaji kwa kila kilo anayomkaangia. Kahawa ni mali ya mwenye chapa tangu gunia hadi pakiti.

Njia hii inampa uwezo wa kusema kwa ukweli kahawa imetoka wapi. Inamwezesha pia kuchagua kiwango cha kukaangwa kulingana na wanywaji wake. Mnywaji wa mwambao aliyezoea kahawa tungu hatafurahia kahawa iliyokaangwa kidogo, ilhali kahawa ya Kiarabu inayopikwa kwa iliki katika nyumba nyingi za Ghuba hukaangwa kwa rangi ya dhahabu.

Jambo la kuangaliwa ni kiwango cha chini cha oda. Wakaangaji wengi wa mkataba hawawashi mtambo kwa kilo chache. Akilazimika kukaangiwa kilo 50 kwa mkupuo mmoja na akauza kilo 10 tu kwa mwezi, mwenye chapa atabaki na pakiti zinazozeeka.

Kahawa iliyokaangwa hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi kwa siku kadhaa, ndiyo maana hufungwa katika mifuko yenye vali ndogo ya kutolea hewa. Hata ikifungwa vyema, ladha yake bora hudumu kwa wiki kadhaa, na iliyosagwa hupoteza harufu upesi zaidi. Kwa hiyo akiba inafaa kuwekwa katika kahawa ghafi, na kukaangwa kufuate mauzo.

Njia ya tatu: kukaanga mwenyewe

Mwenye mtambo wake huamua kila kitu. Faida anayolipwa mkaangaji inabaki kwake, na kila mkupuo anaweza kuuonja kabla haujatoka. Mkupuo mmoja huchukua takriban dakika 10 hadi 15, hivyo mtu mwenye mtambo mdogo anaweza kutimiza oda za wiki nzima kwa siku moja.

Lakini mtambo ni mali iliyofungwa mahali pamoja. Unahitaji bomba la kutolea moshi, umeme au gesi ya kutosha, bima, na idhini ya mamlaka za mji. Unahitaji pia ujuzi, kwani tofauti ya dakika moja mwishoni mwa kukaanga huweza kuiharibu kahawa iliyochukua mwaka mzima kulimwa.

Wengi waliofaulu katika njia hii hawakuanza nayo. Baadhi hukodi muda katika karakana ya mkaangaji mwingine, wakilipa kwa saa, hadi mauzo yanapothibitisha kwamba mtambo wao hautakaa bure siku nne kwa wiki.

Njia ya nne: kukaanga nchini kwa mkulima

Hii ndiyo njia inayogusa hisia za wengi. Kwa miongo mingi sehemu kubwa mno ya kahawa ya Afrika imeuzwa nje ikiwa ghafi, na thamani inayoongezwa na moto, mfuko na jina imebaki Ulaya na Marekani.

Ipo mifano ya kinyume chake. Kiwanda cha Tanica mjini Bukoba kimekuwa kikitengeneza kahawa ya kuyeyuka ya Africafe, ambayo Waafrika Mashariki wengi huibeba wanaporejea ughaibuni.

Nchini Uganda, Andrew Rugasira aliasisi kampuni ya Good African Coffee, iliyonunua kahawa ya wakulima wa Kasese. Mwaka 2005 pakiti zake ziliingia katika maduka ya Waitrose nchini Uingereza. Mwanzoni kahawa hiyo ilikaangwa Ulaya kwa mkataba, na mwaka 2009 kampuni ikafungua kiwanda chake cha kukaangia mjini Kampala. Rugasira alieleza safari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2013, A Good African Story, kikiwemo kikwazo kikubwa cha kupata mtaji.

Mfuatano huo una somo. Kampuni ilianza kwa njia ya pili, ikapata wanunuzi, kisha ikauhamishia moto nyumbani.

Ugumu wa njia ya nne ni muda. Kahawa iliyokaangwa Moshi au Kampala ikipanda meli hutumia wiki kadhaa za uhai wake baharini. Tangu mwishoni mwa mwaka 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalizilazimisha meli nyingi za kwenda Ulaya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari ikaongezeka kwa takriban siku 10 au zaidi. Ndege huokoa muda, lakini nauli yake huweza kula faida yote ya pakiti.

Kwa masoko ya Ghuba hali ni nafuu, kwani umbali ni mfupi. Kahawa ya kuyeyuka nayo haina tatizo hilo, kwa sababu hudumu muda mrefu bila kuharibika.

Nani atume pakiti?

Kukaanga ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kupokea oda, kufunga, kubandika anwani na kushughulikia kifurushi kilichopotea.

Kutuma kutoka nyumbani kunatosha kwa oda chache kwa siku. Kunampa mwenye chapa nafasi ya kuweka barua fupi ndani ya pakiti na kuwafahamu wateja wake kwa majina. Oda zinapoongezeka, kazi hiyo humeza usiku wake wote.

Ghala la kukodi hupokea bidhaa, huzihifadhi na kuzituma kwa niaba ya wauzaji wengi. Hutoza ada ya kupokea mzigo, ada ya nafasi kwa mwezi, na ada ya kila oda. Kwa pakiti moja ya gramu 250, jumla ya ada hizo na posta huweza kukaribia bei ya kahawa yenyewe. Ndiyo maana chapa nyingi huwahimiza wateja kununua pakiti mbili au tatu kwa pamoja, au kujisajili kwa mzigo wa kila mwezi.

Umbo la pakiti nalo lina thamani. Nchini Uingereza, Royal Mail hupokea kwa nauli ya barua kubwa kifurushi chenye unene usiozidi sentimita 2.5 na uzito usiozidi gramu 750. Mfuko bapa unaopita katika tundu la barua hugharimu kidogo, wala haumlazimu mteja kuwapo nyumbani.

Kutuma kila pakiti kutoka Afrika Mashariki moja kwa moja kwa mteja wa ng'ambo kumekuwa kugumu zaidi. Tarehe 29 Agosti 2025 Marekani ilisitisha msamaha wa ushuru uliokuwa ukivihusu vifurushi vyenye thamani isiyozidi dola 800. Umoja wa Ulaya nao uliondoa msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa vifurushi vidogo mwezi Julai 2021.

Kwa sababu hiyo mzigo mmoja mkubwa kupelekwa katika nchi ya soko, kisha kugawanywa huko, mara nyingi huwa nafuu kuliko vifurushi mia moja vinavyovuka mpaka kimoja kimoja.

Mipaka na sheria

Sheria huandama mahali kahawa inapouzwa, si mahali mwenye chapa anapoishi.

Nchini Uingereza, anayeanza biashara ya chakula hutakiwa kujiandikisha kwa halmashauri ya eneo lake siku 28 kabla ya kuanza, hata kama anafungia pakiti jikoni kwake. Uandikishaji huo ni wa bure.

Marekani huvitaka viwanda vya nje vinavyotengeneza au kufungasha chakula kinachouzwa huko viandikishwe kwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, FDA, na taarifa itolewe kabla ya shehena kuwasili. Katika nchi za Ghuba lebo ya chakula hutakiwa kuwa na maelezo kwa Kiarabu.

Ujerumani ina kodi maalumu ya kahawa. Kilo moja iliyokaangwa hutozwa euro 2.19, na ya kuyeyuka euro 4.78. Muuzaji wa nchi nyingine anayemtumia mnywaji wa Ujerumani pakiti kwa posta naye huguswa na kodi hiyo, ambayo ni karibu senti 55 kwa pakiti ya gramu 250.

Umoja wa Ulaya pia umepitisha sheria inayotaka kahawa iwe haikulimwa katika ardhi iliyokatwa misitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini waagizaji wengi walikwisha kuanza kudai ramani za mashamba. Ushirika wenye kumbukumbu hizo utakuwa na nguvu zaidi katika mazungumzo, na chapa inayoununulia itakuwa salama zaidi.

Bei inapopanda na kushuka

Kati ya mwaka 2001 na 2002 bei ya arabika katika soko la New York ilishuka chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili, ambayo ni pungufu kidogo ya nusu kilo. Mwezi Februari 2025 bei hiyo ilipita dola 4.

Mwenye chapa anayetegemea mkaangaji bila bei iliyokubaliwa huweza kupandishiwa gharama katikati ya mwaka, huku wateja wake wakiwa wamezoea bei ya awali. Aliyenunua magunia yake mapema amejikinga kwa miezi michache, lakini naye ataumia bei ikianguka akiwa na ghala lililojaa.

Mkulima yuko katika hatari kubwa kuliko wote. Mkataba wa bei ya chini isiyovunjwa, ukiambatana na ahadi ya kununua kiasi fulani kila msimu, humfaa zaidi kuliko picha yake kuwekwa kwenye pakiti.

Jina na ushahidi wake

Mnunuzi mdogo kwa kawaida hanunui mwenyewe katika mnada wa Moshi au wa Nairobi, ambako wanunuzi huwa na leseni. Hupitia kampuni inayosafirisha nje, au hufanya mapatano ya mauzo ya moja kwa moja na ushirika kwa kufuata taratibu za bodi ya kahawa.

Kwa njia yoyote ile, anapaswa kupata karatasi zinazoonyesha ushirika uliotoa kahawa, msimu, daraja na namba ya shehena. Bila karatasi hizo, neno Kilimanjaro kwenye lebo ni tangazo tu, na mteja mmoja mdadisi anatosha kuliangusha jina.

Msimu nao ukumbukwe. Arabika ya Kilimanjaro huvunwa takriban kati ya Julai na Desemba, na mavuno makuu ya Kenya huangukia Oktoba hadi Desemba. Chapa inayoahidi kahawa ya kijiji kimoja mwaka mzima lazima iwe imenunua ya kutosha wakati wa mauzo, au iseme wazi kwamba kahawa yake hubadilika kwa msimu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini

- Kiwango cha chini cha oda ni kilo ngapi, nacho kitauzwa kwa wiki ngapi?
- Kahawa ikiharibika njiani au ikikaangwa vibaya, nani analipa?
- Je, mkaangaji anaweza kubadilisha asili ya kahawa bila idhini ya maandishi?
- Bei imefungwa kwa muda gani, na notisi ya kuibadilisha ni ya siku ngapi?
- Orodha ya wateja na anwani zao ni mali ya nani mkataba ukivunjika?
- Tarehe ya kukaangwa itaandikwa kwenye kila pakiti?
- Baada ya kutoa kahawa, upungufu wa uzito, mfuko, posta, kodi na ada za malipo, kinabaki kiasi gani?

Swali la wateja ni ni nani hupuuzwa mara nyingi. Katika njia ya kwanza, mkaangaji ndiye anayeona kila jina na kila anwani. Mwenye chapa asiyelinda haki hiyo kwa maandishi huweza kuondoka mikono mitupu baada ya miaka ya kulijenga jina.

Kwa wengi, mpangilio ulio salama ni kuanza na njia inayoweza kuachwa bila hasara kubwa, kisha kusonga hatua moja kila mauzo yanapothibitisha. Pakiti chache kwa mwezi zinafaa mikononi mwa mkaangaji aliye karibu na wateja. Magunia yakianza kuisha kwa miezi miwili, mkataba wa kukaangiwa kahawa ya ushirika unaojulikana huwa na maana. Mtambo, uwe wa ughaibuni au wa nyumbani, hungoja siku ambayo oda zitaweza kuulisha.

Kuurudisha moto Bukoba, Moshi au Kampala ni lengo la heshima, lakini hutimizwa na chapa ambayo bado iko hai. Ushirika uliouza kahawa yake msimu mmoja kwa jina zuri, kisha mnunuzi akafilisika, hurudi mnadani kama awali, na wakulima wake huwa wagumu kumwamini mgeni wa pili.